Meza Iliyogoma Mlangoni

Siku Mama Kasuba alipomaliza kulipa deni, hakuimba wala hakuchinja kuku. Alirudi kutoka mjini kwa miguu kama alivyokwenda, akavua viatu vyake vya kutokea, akavipangusa vumbi, kisha akaja kusimama kwenye ua wa michongoma unaotenganisha nyumba yao na yetu.

"Mama Tisauke," aliniita, kwa sauti ya mtu anayetaka kuazima chumvi. "Tumemaliza."

"Mmemaliza nini?"

"Lile jambo."

Nilipiga kigelegele. Akanyoosha mkono juu ya ua akaniziba mdomo. "Nyamaza wewe! Unataka Mpatamatu nzima ijue tulikuwa tunadaiwa?"

Mpatamatu nzima ilikuwa inajua. Hata watoto waliokuwa wakinyonya mwaka ule deni lilipoanza walikuwa wanajua. Lakini sikumwambia. Nilimshika mikono yote miwili, miiba ikituchoma viwiko, tukasimama hivyo mpaka akaanza kucheka, na alipoanza kucheka machozi nayo yakaja.

Baba Kasuba, jina lake Lackson, alikuwa fundi wa mbao chini ya ardhi mgodini, mmoja wa wale wanaoweka nguzo za kuzuia mwamba usianguke. Shimo lilipofungwa, wanaume wakalipwa wakaambiwa kwaheri. Yeye hakuzinywa pesa zake kama wengine. Alinunua mashine ya kusaga mahindi, na kwa kuwa hazikutosha, akaongezea kwa kukopa kaloba, ile mikopo ya mtaani ambayo riba yake haijui Jumapili. Miezi ya mwanzo kina mama tulipanga foleni kwake na ndoo zetu za mahindi. Kisha mota ikaungua. Akatengeneza, ikaungua tena. Siku mkopeshaji alipokuja na lori, Baba Kasuba alikuwa Ndola kumwomba mjomba wake msaada. Walibeba makochi, friji, kitanda, cherehani, meza ya kulia na viti vyake vyote, wakaiacha ile mashine mbovu. Na bado deni halikwisha.

Tangu hapo walilipa kidogo kidogo. Baba Kasuba alikuwa akiziba mapaa na kurekebisha milango ya watu. Mama Kasuba alikaanga vitumbua alfajiri, akaviuza pale kituoni. Watoto walikua, wakatawanyika. Kasuba, binti yao mkubwa, aliolewa Solwezi. Wakabaki wawili.

Mimi ni Mngoni wa Chipata, wao ni Wabemba, kwa hiyo sisi ni watani, na mtani ana ruhusa ya kusema ambayo dada wa damu hana. Niliitumia ruhusa hiyo vizuri. Mama Kasuba alikuwa akizima makaa yenye nusu ya uhai kwa kuyafukia kwenye majivu ili ayawashe kesho yake. Maji aliyofulia nguo aliyapigia deki sakafu, kisha yakaenda chooni. Sabuni ikibaki kama ukucha aliibandika juu ya sabuni mpya. Wala hakuwa bahili. Kukiwa na msiba, vitumbua vyake ndivyo vilivyotangulia kufika, bado vya moto. Ni yeye mwenyewe tu aliyejinyima.

Nilidhani deni likiisha atapumua. Badala yake akazidi. Na tabia moja hasa ndiyo iliyozidi: alikuwa hatupi kitu. Galoni za mafuta, chupa za mayonezi, mifuko ya unga iliyofuliwa na kukunjwa, makopo ya rangi, kiti kisicho na miguu na miguu isiyo na kiti, redio mbovu, kigari cha kumsukumia mtoto ambacho hakuna aliyejua kilitoka kwa nani. Vyote hivyo vilipangwa, havikutupwatupwa. Vilipangwa kwa adabu kabisa, kimoja juu ya kingine, mpaka dirishani, mpaka nyuma ya mlango. Kuingia kwao kulitaka uingie kwa bega kwanza.

"Mtani," nilimwambia siku moja nikiwa nimebanwa kati ya magunia, "nyinyi Wabemba mlizoea kuishi mitini na hao nyani mnaowala, ndiyo maana hamjui nyumba inakaaje."

"Kimya, mla panya," alinijibu bila kuinua macho kwenye karanga alizokuwa akimenya. "Kwenu hamna haja ya kabati. Mboga yenu inajichimbia shimo yenyewe."

Baba Kasuba alicheka huko alikokuwa. Nasema huko alikokuwa kwa sababu sikumwona. Alikuwa ukingoni mwa godoro, chumba hicho hicho, lakini katikati yetu kulikuwa na ule mlima.

Hivyo ndivyo walivyokuwa wakila pia. Mama Kasuba juu ya kreti lililopinduliwa karibu na mlango, Baba Kasuba kwenye godoro, sahani kila mmoja magotini mwake. Wiki chache baada ya deni kuisha, nikiwa nimekaa barazani kwao, nilimsikia akisema:

"Mke wangu, nataka meza."

"Meza ya nini? Siku hizi tonge la nshima linakushinda kulishika?"

"Nataka nikuone usoni tunapokula. Hapa nilipo naona kopo la rangi. Nimeshalijua lile kopo, tumekuwa marafiki."

"Meza tutaiweka wapi, Baba Kasuba? Na pesa je? Juzi tu tumetoka kwenye shimo, unataka turudi?"

Yule mzee hakuwa mtu wa kubishana. Lakini kesho yake alikuja kwangu akiwa na msumeno ndani ya gunia, akaniomba kona ya baraza langu.

"Nitengeneze kitu kidogo," alisema. "Usimwambie."

"Mimi Mngoni siri naiweka. Nyinyi ndio mnaongea hadi usingizini."

Mbao alizipata nyuma ya duka moja la mjini, zile fremu zinazowekwa chini ya mizigo. Alisaidia kushusha magunia ya saruji, akaomba alipwe kwa mbao badala ya pesa. Misumari aliing'oa humo humo, akainyoosha mmoja mmoja juu ya jiwe. Alipiga randa polepole, akifunga jicho moja na kuitazama mbao kwa urefu wake kama anayeilenga. Sikuwa nimemwona na furaha ile tangu enzi za shimo. Alikuwa akipiga mluzi. Mkewe akipita barabarani, mluzi unakoma, na yeye anachuchumaa nyuma ya ukuta wangu mdogo, mtu mzima na mvi zake.

Meza ilikwisha mvua zilipokuwa zinakaribia. Jumamosi moja mchana, yeye na mume wangu Jere waliinyanyua wakaizungusha kupitia barabarani, mimi nyuma yao kama msindikiza bibi harusi. Mama Kasuba alikuwa anaanua nguo. Alisimama na shuka mkononi.

"Nini hicho?"

"Meza yako," Baba Kasuba alisema.

Aliweka shuka begani, akaja. Alipitisha kiganja juu ya mbao kutoka ncha hadi ncha, akainama akachungulia chini, akajaribu kutikisa mguu mmoja. Haukutikisika.

"Mbao umetoa wapi?"

"Nilishusha mizigo."

"Misumari?"

"Niliinyoosha."

"Na hii inayong'aa, umepaka nini? Vanishi ni ghali."

Baba Kasuba alitazama chini. "Ni mafuta yako ya vitumbua. Yale yaliyobaki kwenye karai."

"Ndiyo maana!" Mama Kasuba alipiga makofi. "Ndiyo maana karai langu lilikuwa linakauka! Nimemsingizia paka wa watu bure." Lakini uso wake ulikuwa umeyeyuka. Aliinama akanusa meza. "Inanukia vitumbua kweli," alisema, na akamtazama mumewe kwa namna ambayo mimi na Jere tuligeuka tukaangalia barabara.

Kisha tukajaribu kuiingiza.

Mlango wao ulikuwa hauwezi kufunguka zaidi ya nusu, kwa ule mlima ulioegemea nyuma yake. Tuliilaza meza ubavu, tukaisimamisha, tukatanguliza miguu. Ikagoma. Jere alikwaruza ukuta, akajikwaruza na mkono. Tulipokuwa bado tunavutana, tone la kwanza la mvua likaanguka, zito kama sarafu, halafu ikashuka yote kwa mkupuo.

"Irudisheni kwa Mama Tisauke!" Mama Kasuba alipiga kelele.

"Imekaa huko vya kutosha," Baba Kasuba alisema.

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akikataa. Alivua koti lake akalitandaza juu ya meza, akachukua mifuko ya unga kutoka kwenye kamba akaongezea, na pale ambapo havikufika akajilaza yeye mwenyewe kwa kifua. Maji yakamtiririka shingoni. Mkewe alisimama mlangoni amejishika kichwa.

Basi mimi, mtani, nikaona hapa maneno hayafai tena. Nikapenya ndani, nikakamata kile kigari cha mtoto kilichojaa chupa, nikaanza kukivuta nje.

"Weka chini!"

Sikuwahi kusikia sauti ile. Nilidhani anatania. Nikavuta tena, gurudumu likapita kizingiti.

"Weka chini hicho! Nakuomba, weka chini!"

Niligeuka. Mama Kasuba alikuwa ameketi sakafuni, pale pale kizingitini, mikono yake imeushika ubao wa mlango kama mtu anayezama. Niliacha kigari. Nilipiga magoti nikamkumbatia. Baba Kasuba aliiacha meza yake mvuani akaja mbio, viatu vinalia maji.

"Ni nini? Unaumwa?"

Tulikaa watatu pale chini, Jere amesimama barazani hajui aende au abaki. Hatimaye Mama Kasuba alisema, akiutazama mlango, siyo sisi:

"Siku ile walikuwa na adabu. Mngejua. Hakuna aliyenitukana. Mmoja aliniomba maji ya kunywa, nikampa. Kulikuwa na upepo, mlango ukawa unajifunga kila wakibeba kitu. Yule mkubwa wao akaniambia, 'Mama, tushikie mlango kidogo.'" Akaupapasa ule ubao. "Nikaushika. Niliushika mimi mwenyewe, mpaka kiti cha mwisho. Vitu vyangu vikapita hapa, mbele ya pua yangu, na mimi nimeshika mlango."

Mvua ilikuwa ikipiga bati.

"Walipoondoka nikamwita Kasuba aje ndani. Niliposema 'Kasuba', nyumba ikanirudishia. Sauti yangu ikanirudia kutoka ukutani kama ya mtu mwingine. Tangu siku hiyo nikiona kona tupu, naisikia. Naweka kitu. Chochote. Kikikaa pale, inanyamaza."

Baba Kasuba alikuwa ameloa chapachapa, ndevu zinadondosha maji. "Hukuniambia," alisema.

"Ulirudi kutoka Ndola uso umekauka kama umezika mtu. Ningekuambia nini? Uliniuliza, 'Wamechukua vingi?' Nikasema, 'Ni vitu tu.'"

"Nikakuamini," Baba Kasuba alisema. "Miaka yote hii nimekuamini, kwa sababu ilinifaa kukuamini."

Alimfuta mkewe uso kwa kiganja kilicholoa, kwa hiyo hakufuta kitu. Kisha akasimama, akakirudisha kile kigari ndani, taratibu, mahali pake. Akaja akaushika mlango.

"Leo naushika mimi," alisema. "Hakuna mtu atakayetoa kitu humu isipokuwa wewe. Ukitaka kutoa, toa. Ukitaka kurudisha, rudisha. Usipotaka hata kimoja, meza italala kwa Mama Tisauke na mimi sitalalamika. Chukua muda wako."

Mama Kasuba alikaa. Nilifikiri hatanyanyuka. Halafu akajiinua kwa goti, akazunguka huku na huku, akagusa hiki akaacha, akagusa kile akaacha. Mwisho alitoka na kopo la rangi, lile la mbele ya godoro.

"Huyu rafiki yako," alimwambia mumewe, "aende kwao."

Alipita mlangoni nalo, akaliweka barazani, akasimama akisikiliza. Sijui alisikia nini. Akarudi ndani. Akatoa jingine. Mvua ilipopungua, kulikuwa na nafasi kiasi cha mlango kufunguka, na Jere na Baba Kasuba wakaipitisha meza ikiwa imelala ubavu, wakishangilia kama timu iliyofunga bao.

Laiti ningeweza kusema mambo yaliishia hapo. Kufikia katikati ya wiki, ile meza ilikuwa imejaa makopo. Nilipochungulia nikaona chupa zimepangwa juu yake kwa ukubwa, nikashika kiuno.

"Mtani, umepata rafu mpya?"

"Usianze," alisema. Lakini alikuwa anaona haya.

Alijifunza njia yake mwenyewe. Kitu kisichojulikana kinakwenda wapi hakikutoka. Kikipata mtu wa kukipokea, kilitoka. Chupa alimpelekea Mama Nsofwa anayeuza siagi ya karanga sokoni, na siku hiyo alirudi akiniambia jinsi zilivyopendeza zikiwa na vifuniko. Galoni zilikwenda kwa msichana mmoja anayetengeneza munkoyo, kinywaji cha mahindi na mizizi, aliyekuwa akiazima vyombo kila Ijumaa. Mifuko ya unga waliichukua wauza mkaa. Kile kigari alikikatalia kila mtu hadi alipokutana kliniki na mama mwenye mapacha. Akakisukuma mwenyewe hadi kwake. Mara mbili nilimwona akirudi nyumbani na kitu alichokuwa ametoka nacho, amekificha chini ya kitenge. Sikumsema. Hata utani una mpaka wake.

Ikafika siku akasimama uani, mikono kiunoni, akielekeza kidevu kwenye kona ya nyuma.

"Baba Kasuba. Vyangu vinatoka. Na chako je?"

Pale konani, chini ya turubai lililopauka, ilikuwa ile mashine ya kusaga. Mota hakuna, mkanda umeliwa na panya, chuma kimeshika kutu. Kila mwaka alikuwa akisema ataitengeneza. Kila mwaka tulikuwa tukiitikia.

"Hiyo ni ya kutengenezwa," alisema.

"Lackson."

Hakuwahi kumwita jina lake mbele yangu. Baba Kasuba alikwenda akainua turubai. Aliitazama muda mrefu, akapitisha mkono kwenye mdomo wake wa bati, pale tulipokuwa tukimwagia mahindi.

"Nilitaka usikae tena kwenye foleni ya mtu," alisema kwa sauti ndogo. "Nilitaka watu wapange foleni kwako."

"Walipanga," Mama Kasuba alisema. "Mama Tisauke hapa shahidi. Alikuwa anasukuma wenzake."

"Nilisukuma kweli," nilisema. "Unga wake ulikuwa laini kuliko wa mjini."

Na ulikuwa laini kweli. Sikusema kwa kumfariji.

Mchomeleaji wa pale kona alikuja na toroli. Mume na mke waliishika mashine pamoja, huyu upande huu, huyu upande ule, wakamsaidia kuipakia. Chuma kile kilikuwa kizuri. Alikitumia kutengenezea majiko ya mkaa, na kwa wiki kadhaa ukipita karibu na banda lake ulisikia nyundo. Alitaka kuwapa jiko moja kama shukrani. Mama Kasuba alikataa, akasema analo, halijatoboka. Nilimwambia amepotea. Akasema jiko la pili ni mwanzo wa mlima mwingine.

Zamu ya kukaribisha sala za mtaa alikuwa akiiruka tangu zamani. Kila ilipomfikia angesema anaumwa mgongo, au mume kasafiri. Mwaka huo, karibu na Krismasi, katibu wetu alipokuwa akisoma majina haraka haraka ili amruke kama kawaida, Mama Kasuba aliinua mkono.

"Jumatano ijayo, kwangu."

Tulikuja na viti vyetu, kama ilivyo desturi. Alikuwa amefua mapazia. Sakafu nyekundu ilikuwa imesuguliwa kwa nta mpaka unaogopa kukanyaga, na juu ya meza alikuwa ametandika kitambaa na jagi la munkoyo na vitumbua vimefunikwa. Bado kulikuwa na magunia mawili nyuma ya kabati. Niliyaona, naye akaniona nikiyaona, akanitolea macho. Baba Kasuba alisimama mlangoni akiwapokea watu, akiushika mlango kwa kisigino usijifunge, akisema karibuni, karibuni, piteni.

Tulipoanza kuimba, sauti zikajaa chumba chote. Nilimwangalia Mama Kasuba. Aliacha kuimba katikati ya ubeti, akainamisha kichwa upande mmoja, akisikiliza jinsi nyumba yake ilivyokuwa ikirudisha sauti zetu. Kisha akafumba macho akadaka wimbo pale ulipofika, kwa sauti ya juu kuliko sote.

"Mwe," alininong'oneza Mama Nsofwa, "kumbe huyu anaimba hivi?"

"Anaimba," nilisema. "Sogea kidogo, umeniziba vitumbua."